Alama Nyekundu Kwenye Mpaka Wetu

Mwanamina shoga yangu, Semeni kaniuza! Semeni huyuhuyu jirani yangu!

Nimetoka mkutanoni sasa hivi. Bwana misitu kaja na picha ya setilaiti, ile inayoonyesha moto kutoka angani. Alama nyekundu iko pale mashamba yetu yanapopakana, Jumanne saa nane mchana. Moto ulioingia msitu wa kijiji ulianzia hapo.

Akauliza nani kachoma shamba. Semeni akasimama, kajitanda kanga yake vizuri, akasema, "Ni Kudra."

Mimi! Jumanne!

Nikasema Jumanne nilishinda kwake, kwenye arobaini ya mama yake. Yeye ndiye aliyetoka saa saba, eti anafuata kuni, akarudi bila kuni.

Mwenyekiti akamgeukia. "Semeni, Kudra alikuwa kwako?"

Akanitazama usoni. Usoni, shoga! "Watu walikuwa wengi. Sikumwona."

Shangazi zake niliopika nao wakaangalia chini.

Hakuniona! Nazi zote za shughuli ile nimezikuna mimi. Hivi ninavyokuandikia, kidole nilichokikata kwenye mbuzi yake bado kimefungwa kipande cha kanga, na aliyekifunga ni yeye.