Homa ya Nyegere

Kijiji cha Kamisawa,
Iwate, Japani.
14 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Tokuji,

Hujambo? Wifi yangu Kazue hajambo, na lile goti lake? Huko Brazili mnaelekea kwenye joto. Huku kwetu maji ya kunawia asubuhi yanang'ata vidole. Mimi mzima. Mpunga tumeshavuna, mgongo unalalamika, mdomo haujambo kama unavyoujua.

Najua umeshtuka kuona jina lililo juu ya bahasha. Tulia, usome kwanza.

Darasa la mjukuu wangu Honoka lilipangiwa safari ya bustani ya hadithi kule kilimani, ile iliyojengwa kwa hadithi za mwandishi wetu maarufu. Unajua ni sanamu ya nani imesimama katikati. Nyegere mchoyo, aliyeficha mpunga mwaka wa njaa, amevaa koti lenye alama ya ukoo wetu, majani matatu ya mianzi. Watoto humtupia maharage, kama tunavyofukuza mashetani mwezi wa pili. Mwandishi alikuwa jirani ya babu yetu, na alihakikisha kila mtu anajua nyegere ni nani.

Mwanangu Masanori akanifuata jikoni, sauti ameishusha. "Mama, tuseme tu mtoto ana homa."

Homa ileile. Mimi na wewe tuliiugua kila mwaka siku shule ilipoigiza hadithi ya nyegere, na kipimajoto hakuna aliyekigusa. Wewe ikakuchosha, ukaenda kuoa ng'ambo na kuchukua jina la ukoo wa mkeo. Wakati ule sikukulaumu. Lakini Honoka nilimkuta amekaa mlangoni, mkoba mgongoni, akaniambia, "Bibi, mimi siumwi." Damu ikanichemka. Nikamwambia Masanori mtoto anakwenda, nami nakwenda naye, na anayeitaka homa aiugue mwenyewe.

Nikafungua sanduku, nikatoa koti la babu. Lilelile, na majani yake matatu mgongoni. Nikalivaa mpaka getini. Mkata tiketi akanitazama, akatazama bango la nyegere, akanitazama tena. Nikamwomba tiketi ya wazee.

Kwenye sanamu watoto wakagawiwa maharage. Mvulana mmoja akasema kwa sauti, "Honoka, mtwange babu yako." Wenzake wakacheka. Mwalimu akajifanya anahesabu kofia. Hapo niliogopa, sikufichi. Nilijua akilia mbele yao, jina letu naye atalikimbia.

Honoka akatia harage mdomoni, akalitafuna. Akatia jingine. Yaliyobaki akayaweka kwenye kiganja cha nyegere. "Kula, babu. Kila siku wanakupiga kwa chakula, hata kukukaribisha hawakukaribishi."

Yule mvulana akanigeukia mimi na koti langu. "Bibi, wewe ni mke wake?"

"Mimi ni mjukuu wake. Na wali uliokula jana shuleni umetoka shambani kwangu, tena nasikia uliomba nyongeza."

Wakacheka tena, safari hii na Honoka akiwemo. Mvulana akatupa harage lake hata hivyo, likampata nyegere puani. Honoka akamwambia shabaha yake si mbaya.

Kama babu aliuficha ule mpunga, mimi sijui. Baba alikuwa akikataa, mama akinyamaza. Kama aliuficha, aliuficha yeye. Mimi kuona haya nimeacha, na kwa umri huu sirudii tena.

Nimekuwekea picha yetu: mimi, Honoka na nyegere. Waonyeshe wanao, Rui na Noemi, uwaambie huyo wa katikati ni nani wao. Mwezi wa Agosti, tunapowapokea marehemu wetu nyumbani, uje nao kaburini. Bahasha nimeiandika kwa jina ulilozaliwa nalo. Posta wakinirudishia, nitaituma tena hivyohivyo.

Masanori anakusalimu, anajifanya hakusema kitu. Mkewe Yoshino anawasalimu nyote, na Honoka anauliza kama huko Brazili kuna nyegere. Wazee wetu wawalinde, yule mchoyo akiwa wa kwanza.

Dada yako akupendaye, mjukuu wa nyegere,
Sasamori Shizue