Laini Niliyoikata Asubuhi

Baba Bridget,

Chai iko kwenye chupa, ya maziwa ya ngamia kutoka kwa jirani yetu Osob. ~~Chakula jipikie.~~ Maharagwe yako kwenye sufuria, pasha tu.

Sikukusudia kukukatia laini. Siku tatu umehangaika kuiunganisha hiyo kompyuta yako ya Linux na simu ya mezani ili umtumie Bridget barua pepe, na ilipokubali hukuniambia. Nilisikia kengele ya simu ikilia kidogo, nikadhani ni binti yetu anapiga kutoka Kanada. Nikainua simu. Kulikuwa na mvumo kama mvua juu ya mabati, lakini nikamuuliza kama anakula vizuri. Ndipo ukafoka kwamba ule mvumo ni kompyuta yako, nami nimeikatia laini.

Niko mtaa wa Galbet hadi saa kumi. Simu ni yako.

Barua pepe ikienda, muulize kama anakula. Mimi nilishamuuliza, ila unasema hakunisikia.

Mama Bridget