Picha ya Baba

Ikonge, Nyamira
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, kwa sababu ukisoma kitu umesimama huwa unaruka mistari. Goti lako linaendeleaje? Bado unalifunga kitambaa ukipanda zile ngazi za kule kambini kwa watalii? Na mdogo wangu Nyakundi, jino lake limeng'oka au bado analisukuma kwa ulimi mezani mpaka Bibi anamfukuza? Huku sisi ni wazima. Mvua inanyesha kila siku saa nane kama iliyopewa ratiba, ng'ombe amezaa, na mimi nimerefuka mpaka sketi ya shule imekuwa ya mtu mwingine.

Utashangaa kwa nini naandika wakati tunaongea kila Jumamosi. Mama, ile simu ni ya Mama Mdogo. Huwa anaiweka sipika katikati ya meza. Baba Mdogo ameketi pale, Magokoro, huyo mama mkwe wako usiyetaka kumtaja, ameketi hapa, na wote wanasikiliza kama taarifa ya habari. Wewe unauliza, "Kerubo, uko sawa?" Mimi najibu, "Niko sawa, Mama." Wote wanatikisa kichwa, wameridhika. Sasa nakwambia kwenye karatasi ambayo haina sipika: siko sawa. Tangu Januari, nilipoletwa kusoma huku, nimekuwa nikikudanganya kila Jumamosi, na nisamehe.

Shida yangu ya kwanza ni jina. Ningekuwa naitwa Wakesho au Mghoi kama binamu zangu wa Wundanyi, watu wangeona ni mgeni wakaniongelesha Kiswahili. Lakini mimi ni Kerubo, jina la hapa hapa. Mtu akisikia Kerubo ananimwagia Kigusii kama maji ya ndoo, na mimi nabaki nimetoa macho. Nikijibu kwa Kiswahili, wanasema naringa. Nikinyamaza, wanasema naringa zaidi. Moraa, ambaye tunakaa naye dawati moja, alitangaza darasani, "Huyu ni Kerubo wa fotokopi. Orijino iko wapi?" Darasa zima lilicheka. Hata mimi nilicheka, maana kusema ukweli ilichekesha. Halafu nikaenda kunawa uso kwenye mfereji ambao haukuwa na maji.

Shida ya pili ni geti. Usifikiri Baba Mdogo ni mtu mbaya, Mama. Anaogopa. Anasema, "Mtoto wa marehemu kaka yangu akipatwa na jambo mikononi mwangu, watu nitawaambia nini?" Kwa hiyo mimi ni shule, kanisa, na nyumbani. Shule ikifungwa, ni nyumbani tu. Ukisimama mlangoni unaona ua wa miti, geti la mabati ya bluu, na ng'ambo yake majani chai yanapanda kilima mpaka yanaisha. Watu wanayachuma huku wanaongea na kucheka, nasikia kila neno na sielewi hata moja.

Sasa kuna jambo ambalo sijakuambia. Shuleni nilijiunga na klabu ya picha. Nilichagua hiyo kwa sababu nilidhani mpiga picha haongei. Mwalimu wetu alitupa kazi ya likizo: maneno thelathini, siku thelathini, kila siku picha moja ya neno la siku hiyo. Usiifute hata ikiwa mbaya. Ukipiga mtu, muombe kwanza. Na akarudia jambo moja mpaka likatuchosha: "Kitu kikiwa mbali usikivute kwa vidole. Sogea wewe."

Mama Mdogo alikubali kunipa simu kila siku alasiri, mvua ikishakatika na simu ikishatoka kwenye chaji. Jioni anatuma picha kwenye kikundi cha klabu. Siku ya kwanza neno lilikuwa "Mlango." Nikapiga geti. Nusu ya picha ilikuwa kidole changu. Siku ya pili "Rangi." Geti tena, kwa sababu ni bluu. Siku ya nne "Mstari," nikapiga mikunjo ya mabati ya geti. Mwalimu akaandika, "Kerubo, hakuna kitu kingine Nyamira?" Moraa akajibu kabla yangu, "Mwalimu, yeye ni askari wa geti." Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Mama Mdogo akaja kuangalia.

Siku ya tisa neno lilikuwa "Barabara." Hapa naungama, Mama. Kutoka kwetu barabara haionekani. Nilipita kwenye ua, pale ambapo mbuzi wamefungua tundu, nikashuka kati ya majani chai mpaka lami. Sikwenda kwa sababu ya picha tu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani na nilikuwa na sweta kwenye mfuko wa karatasi. Nilitaka kuja kwako Voi. Sikujua nitafikaje, nilitaka tu kuanza. Nikasimama kando ya lami. Mama mmoja mwenye kikapu mgongoni akapita akanisalimu, "Bwakire, Kerubo." Hiyo najua ni salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa alasiri, nafikiri alinitania. Alijua jina langu, Mama. Mimi nilikuwa simjui. Nikaona kwamba hata nikienda hatua kumi, kila mtu kwenye ile barabara atajua ni mtoto wa nani na arudishwe wapi. Nikapiga picha yangu, nikarudi kupitia tundu la mbuzi.

Nilipoiangalia, lami ilikuwa kidogo tu. Jua lilikuwa nyuma yangu, kivuli changu kikalala barabarani, kirefu, kichwa mpaka ng'ambo, na mfuko wangu wa karatasi mkononi. Mwalimu akaandika, "Kivuli chako kimeingia kwenye picha. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Angalia jua liko wapi." Lakini Baba Mdogo hakuona kosa la jua. Aliona lami. Akauliza, "Hii imepigwa kutoka wapi?" Na kufuta ilikuwa hairuhusiwi.

Hakunipiga. Aliziba tundu kwa matawi ya miiba, akatia kufuli kwenye geti. Kisha akaniketisha akasema maneno ambayo nimeyameza mpaka leo: "Mimi sikufungi. Mama yako akitaka kukuchukua, aje mwenyewe. Apite kwenye hilo geti, aketi, anywe chai na mama yangu, aseme anamtaka mtoto wake. Siku hiyo hiyo nitakubebea sanduku mpaka barabarani." Na mimi nakumbuka ulivyosema tangu tulipomzika baba: "Lile boma sitalikanyaga tena." Basi nikajua kufuli langu lina funguo mbili, na zote mbili haziko kwangu.

Baada ya hapo nilipiga picha bila moyo. Sufuria. Kuku. Mguu wangu. Mpaka ikafika siku ya kumi na saba, na neno lilikuwa "Baba."

Unajua hatuna picha yake. Ile moja iliyokuwa juu ya kabati Voi, paa lilivuja ikabaki karatasi nyeupe yenye kola ya shati. Nilifikiri niruke siku hiyo. Kisha nikakumbuka kwamba Magokoro ndiye aliyemzaa, lazima atakuwa nayo. Lakini ningemuombaje? Miezi yote hii mimi na Magokoro tulikuwa tunaongea kwa mikono. Yeye Kiswahili chake alikiokota kwenye kazi ya majani chai, na mimi Kigusii changu ni salamu. Nikafanya mazoezi chooni, usicheke. Nikamfuata akiwa anachambua mboga nikasema, "Magokoro, naomba picha ya baba."

Akaacha mboga. "Picha ya nani?"

"Ya baba."

"Wewe nataka baba?"

"Ndiyo. Nataka baba."

Akajifuta mikono kwa leso, akaingia chumbani kwake. Nilisikia sanduku likivutwa. Alikaa huko mpaka nikadhani nimemkosea na labda analia, na mimi nikaanza kuchambua mboga zake ili nionekane nina kazi. Alipotoka alikuwa na kitambaa cha kichwa kimekunjwa. Akakikunjua magotini, akanipa picha.

Haikuwa ya baba. Ilikuwa yako.

Umevaa gauni la njano lenye vifungo vikubwa. Uko kwenye majani chai, yamekufika kiunoni, umebeba kikapu mgongoni kwa mkanda wa kichwani na ni wazi hujui kukibeba kwa sababu kimeinama upande mmoja. Unacheka mpaka macho yamefungwa. Mama, sijawahi kukuona ukicheka hivyo. Umri wako pale naona hata hauzidi wangu sana.

Nikasema, "Hapana, Magokoro, si Mama. Baba." Yeye akagonga picha kwa kidole, amekasirika kidogo. "Ee. Baba. Baba yako huyu."

Mama Mdogo aliyekuwa jikoni akaangua kicheko. "Kerubo wewe! Kigusii *baba* ni mama. Wa kiume ni *tata*. Umemuomba picha ya mama yako!"

Na nilikuwa najua. Nimewasikia watoto kanisani wakiwaita mama zao hivyo tangu wiki ya kwanza. Lakini mdomo wangu ukiogopa unaongea Kivoi.

Nilitaka kuirudisha, nieleze. Ndipo Magokoro akasema, polepole, akitafuta kila neno, "Mimi natunza. Mimi hapana tupa." Kisha akaniuliza, "Yeye nasema mimi nafukuza yeye?"

Mama, nilinyamaza. Kunyamaza ni jibu, naye alilielewa kuliko Kiswahili changu chote. Akageukia jikoni akaongea Kigusii kirefu, na Mama Mdogo akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi akanitafsiria. Hakuwa anacheka tena. Alisema Magokoro anasema hivi: siku ile ulipofunga mizigo yako siku ya nne baada ya mazishi, alikuambia, "Ukitoka sasa, geti limefungwa." Alimaanisha ukae matanga yaishe, maana mjane hatoki matanga yakiwa bado, watu watasema hakumpenda mtu wake. Na wewe ulikuwa na kazi ya kurudia na hukuelewa lugha vizuri, na ulikuwa na uchungu. Ukasikia "geti limefungwa" tu.

Magokoro akamalizia mwenyewe kwa Kiswahili. "Mimi nasema ngoja. Yeye naenda. Sasa yeye nangoja, mimi nangoja. Miaka yote hii."

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulikuwepo, mimi nilikuwa mdogo nimelala mapajani mwa mtu. Labda alisema kwa ukali zaidi ya anavyokumbuka. Mimi nakuletea nilichosikia tu.

Kisha nikaiangalia ile picha tena, nikitafuta namna ya kuipiga kwa simu bila kung'aa. Na chini kabisa, kwenye majani chai mbele yako, nikaona kivuli. Kichwa, mabega mawili, na viwiko vimetoka pembeni kama masikio ya kikombe, vile mtu anavyoshika kamera. Jua lilikuwa nyuma yake. Nikamuuliza Mama Mdogo, "Nani alipiga hii?" Akamuuliza Magokoro. Magokoro akasema, "Ni yeye. Tata yako. Yeye naazima kamera, hapana jua kitu."

Kosa la kila anayeanza, Mama. Nilifanya lile lile, kwenye kilima kile kile. Na kivuli chake kimekufika miguuni.

Nilimuomba Magokoro ruhusa, nikasogea, sikuvuta kwa vidole, nikapiga. Nikaandika chini "Baba," na mwalimu akaniuliza mbona nimeleta picha ya mwanamke. Moraa akaandika, "Hii hata si fotokopi." Nafikiri alimaanisha vizuri.

Nakala nimeitia humu ndani ya bahasha. Mama Mdogo aliichapisha Kisii mjini alipoenda sokoni. Ile yenyewe Magokoro amekataa kuitoa. Amesema hiyo ni yake.

Sitaki ufikiri mambo yamekuwa mazuri. Kufuli bado liko. Leo baada ya kanisa lilifungwa kama kawaida na nikalisikia likilia. Bado nasahau nani ni nani, bado nikiongea masikio yananiwaka moto. Ila picha nimefikisha ishirini na tano, na neno la siku ya thelathini ni "Mgeni." Nimelitazama sana hilo neno. Hapa kwetu hakujaja mgeni tangu nije mimi. Naweza kupiga kuku wa jirani nikasema ni mgeni, Moraa atafurahi. Sitaki. Nitaiacha wazi. Hata siku zikipita nitaiacha wazi, mwalimu anipe sifuri.

Mama, sikuombi usamehe kitu ambacho sikukiona. Nakuomba kikombe kimoja cha chai. Kutoka hapa wewe ni mdogo sana, uko mbali, na nikikuvuta kwa vidole unakuwa ukungu mtupu. Mimi nimeshasogea mpaka kwenye geti. Sasa sogea wewe.

Msalimie Bibi na umwambie bado nasali kwa Kitaita nikiogopa. Msalimie Nyakundi, jino likitoka alitunze nilione. Msalimie mjomba wa bodaboda na yule mama jirani wa mahamri. Baba Mdogo na Mama Mdogo wanakusalimu, na barua hii Mama Mdogo ameapa kuipeleka bila kuifungua.

Nilimuuliza Magokoro kama ana salamu. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa, halafu akasema, "Andika. Mwambie, matanga imeisha."

Ni mimi mtoto wako,
Kerubo