Saa Uliyomtegea Atupele

Ndagoni, Mafia
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Ambokile,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, maana ukiisoma umesimama utachoka. Hamjambo huko Tukuyu? Mama miguu yake inasemaje na baridi ya mwaka huu? Zile dawa nilizompa dereva wa lori amletee, anazimeza mwenyewe au anawagawia majirani kama kawaida yake? Na kichanga chenu, ameacha kuharisha? Mwambie mkeo amchemshie maji, na asinijibu kwamba yeye mwenyewe alikulia maji ya mtoni. Waliokufa kwa maji hayo hawapo kumjibu.

Mimi ni mzima, mzima wa kusimama. Mvua imeshinda bati la zahanati na sasa inadondoka juu ya mzani wa watoto, kwa hiyo kila mtoto nampima pamoja na maji yake. Nimeomba bati jipya mpaka nimechoka. Nimeandika hata gazetini, barua yangu wakaikata nusu, wakaacha ile nusu ya adabu. Kijijini habari kubwa ni pweza. Tangu mambo ya hifadhi ya bahari yalipoingia huku, watu wamejifunza kufunga mwamba: wanakubaliana kwamba kwa miezi kadhaa hakuna mtu kumgusa pweza wa sehemu fulani, ili akue. Akina mama wanapita pale na vijiti vyao, wanawaona kabisa, wanawaacha. Juzi mmoja alivunja mwiko, wakamzomea mpaka mlangoni kwake. Nilicheka, kisha nikakukumbuka wewe, kicheko kikaisha. Huku hata pweza anaachwa akue. Binti yako Atupele, uliyeniachia mimi nimlee, je?

Sasa tuje kwenye ujumbe wako. Ninao hapa kwenye simu, nimeusoma mara nyingi kuliko ulivyostahili: “Dada, mtafutie mtoto saa nyingine, ya bei nafuu na isiyoharibika ovyo. Mwambie aache kuchezea vitu. Akiendelea na ukaidi mrudishe huku, amsaidie mama yake mdogo dukani.”

Ningeweza kukupigia. Naandika kwa sababu karatasi haikatiki mtandao.

Wewe ndiye uliyemnunulia saa ya kwanza. Ulipokuja kututembelea uliitoa mfukoni pale gatini Kilindoni, asubuhi ya Jumamosi, watu wakipanda boti ya kwenda Nyamisati. Nilikuwa nimesimama kando yako na mfuko wa nazi ulizokuwa unampelekea mama. Saa ya tarakimu, nyeusi, ina vitufe vinne na taa ya kijani. Mtoto alifurahi mpaka akasahau kulia. Ukabonyeza vitufe kwa kidole kile cha mtu anayetaka aonekane, ukasema kwa sauti wasikie abiria wote: “Nimekutegea kengele. Kila siku saa kumi na moja alfajiri itakuamsha ujisomee. Darasa la saba si mchezo.” Halafu ukapanda boti.

Ambokile, uliandika kumi na moja. Kumi na moja, nukta mbili, sifuri sifuri. Umeishi miaka yote hiyo, umefunga ndoa mbili, unauza dukani, na hujui kwamba saa kumi na moja yetu ya alfajiri kwenye saa hiyo ni tano. Kumi na moja ya Kizungu ni saa tano yetu ya asubuhi, jua limeshapanda, watoto wako darasani.

Jumamosi hiyo na Jumapili saa ilishinda ndani ya boksi, sandukuni, haisikiki, akiitunzia shule. Jumatatu alfajiri haikulia. Nikamwamsha mimi kama siku zote, akaniambia, “Shangazi, labda bado haijanizoea.” Akaivaa, akaenda.

Yaliyofuata sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na Mwanahamisi, binti wa jirani yangu, wanaokaa dawati moja. Siku hiyo walikuwa na wageni waliokuja kuwafundisha watoto habari za kasa na mayai yao. Mwalimu mkuu amevaa tai. Mgeni ameinua picha ya kasa, darasa kimya, na saa tano juu ya alama saa yako ikaanza kulia.

“Nani ana simu?” mwalimu mkuu akauliza. Simu ni marufuku pale.

Atupele akasimama. “Si simu, mwalimu. Ni saa.”

“Izime.”

Akabonyeza. Ikawaka taa. Akabonyeza tena, ikanyamaza, mgeni akafungua mdomo, ikalia upya. Hukumwonyesha jinsi ya kuizima, maana hata wewe hujui. Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti, “Mwalimu, chai tayari!” Darasa zima likaangua kicheko, na wageni nao wakatabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililomponza mwanao.

Wageni walipoondoka, mwalimu mkuu alimwita mbele. Akaishika saa, akapata penye kengele, akaiona ile kumi na moja.

“Nani aliitega hivi?”

“Mimi, mwalimu.”

“Ulitaka nichekwe mbele ya wageni?”

Alichapwa viganjani, na fimbo moja ilikwenda vibaya ikashukia vidole. Halafu saa ikawekwa juu ya ngazi ya darasa, na mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye tai, akaokota jiwe akaiponda mbele ya watoto.

Aliniletea mkono zahanati akiwa amejipanga foleni nyuma ya wagonjwa, hakutaka kupitishwa mbele. Kidole cha shahada cha mkono wa kuume kimevimba kama muhogo, kucha imeshakuwa nyeusi. Nilimfunga, nikamwuliza, “Kwa nini ulisema ni wewe? Mimi nilikuwepo gatini. Nilimsikia baba yako.”

Unajua alinijibu nini? “Ningesemaje, shangazi? Niseme baba hajui kusoma saa?”

Basi. Alipigwa ili wewe usichekwe na watoto wa Ndagoni ambao hata hawakujui.

Kesho yake nikaenda naye shuleni. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akanipa kiti, akateremsha sauti. “Dada, mimi na wewe ni watu wa bara. Tusiaibishane mbele ya wenyeji.”

Nikamwambia, “Aliyepigwa naye ni wa bara, na wenyeji walimwona. Aibu umeshaigawa mwenyewe. Mimi nimekuja kukwambia kwamba kengele ile aliitega baba yake, kwa kutojua.”

“Basi tumwulize baba.” Akakupigia, akaweka spika, simu juu ya meza. Mtoto amesimama pale, mkono wenye bandeji ameuficha nyuma.

Nakukumbusha maneno yako, kwa kuwa nina hakika umeshayasahau. Mwalimu alikuuliza kama ni wewe uliyetega. Ukacheka kile kicheko chako cha dukani, ukasema, “Mimi? Hapana, mwalimu! Mimi niliitega sawasawa. Huyo ni mtundu, ameichezea mwenyewe. Mnyoosheni tu.”

Nikasema, “Ambokile, mimi ni dada yako, niko hapa, nilikusikia gatini. Na mtoto anakusikia.”

Ukasema, “Haloo? Haloo? Mtandao unakata.”

Mtandao haukukata. Tulisikia redio ya dukani kwako. Tulisikia mteja akiomba chumvi na wewe ukimwambia subiri. Kisha ukakata.

Mwalimu mkuu akafungua mikono, kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi sikumtazama yeye. Nilimtazama mtoto, na ninakwambia hivi kama muuguzi aliyeona watu wakipokea kila aina ya habari: hakulia. Alikuwa anatazama simu. Alivyoitazama, ungedhani ni mdudu ameingia ndani, naye anasubiri aone atakwenda upande gani.

Nimesoma vitabu vingi, unajua, na wewe ulikuwa ukinicheka kwamba macho yangu yataisha. Nimesoma habari za watawala waliochoma miji na za watu waliouza ndugu zao. Wengi wao angalau walikuwa wanaogopa kitu: jeshi, njaa, kamba ya kunyongwa. Wewe uliogopa nini? Kwamba mwalimu mmoja wa kisiwani, asiyekujua sura, atajua ulikosea kubonyeza kitufe! Kwa hofu ya ukubwa huo ukamtoa mwanao kafara. Na usiniambie habari za nidhamu. Nidhamu ni neno mnalolitumia wanaume wa aina yako pale mnapotafuta mtu mdogo wa kubeba kosa lenu. Mama yake angekuwa hai angekujibu kwa mkono. Mimi nimebaki na kalamu.

Siku zilizofuata alikataa shule. Hakupiga kelele, alikataa tu. Alikuwa akivaa sare, anakaa kwenye kizingiti, viatu mkononi. Na mtihani uko mlangoni, na kidole cha kuandikia kimefungwa. Ndipo ukaja ujumbe wako wa saa ya bei nafuu isiyoharibika ovyo. Nilitaka kuufuta. Kisha nikasema, hapana, saa atapata, ila si kwa ajili yako.

Tukapanda bodaboda mpaka Kilindoni, kwenye duka la Bwana Seif, wa wale ambao babu yao alitoka Omani na mashamba ya minazi bado ni yao. Yeye hakai na mteja bila kumtania.

“Nesi! Leo umekuja kunichoma sindano?”

“Nimekuja kutafuta saa ya mtoto. Na usiniletee takataka.”

Atupele akamwamkia, “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Chagua, kabati la kioo hilo hapo.”

Nikamwambia tunataka saa ya mishale, yenye namba zote kumi na mbili zilizoandikwa wazi, na isiwe na kengele. Mshale wa saa una mkia, mtoto wa Kiswahili anaangalia namba ya upande wa pili, anasoma saa yake bila kutoa wala kujumlisha. Tarakimu hazina upande wa pili. Ungefikiri hilo kabla ya kununua, ungekuwa umeokoa kucha. Nikaukataa mkanda wa ngozi, kwa kuwa jasho na chumvi ya huku vinauozesha kabla ya mwaka kuisha. Nikakataa wa chuma, unabana nywele za mkono na pini zake zinachomoka. Tukabaki na mpira, lakini ule unaofunguka kwa pini, ukikatika unabadilisha mkanda peke yake. Nyuma iwe na kifuniko cha chuma, betri yake ipatikane hapahapa Kilindoni. Nyingi zimeandikwa haziingii maji. Bwana Seif mwenyewe aliagiza ndoo. Tulizitumbukiza tatu, moja ikaanza kutoka jasho ndani ya kioo tukiwa tunaitazama.

“Hii ni ya kuvaa Ijumaa tu,” akasema Bwana Seif bila haya, akairudisha kabatini.

Zikabaki mbili. Moja ndogo ya kike, ya waridi. Nikamwambia Atupele achague. Akazigeuza zote kwa mkono wa kushoto, kisha akamwuliza mwenye duka, kwa adabu kabisa, “Ikipondwa na jiwe, ipi haivunjiki?”

Bwana Seif akacheka. “Nani aponde saa kwa jiwe, kichaa?”

“Mwalimu.”

Alinitazama, akaiona bandeji ya mtoto, akaacha utani. Akaingia chini ya meza akatoa saa ya kiume, nene, mbaya ya sura, kioo kimezama ndani ya ukingo wa chuma. Ilikuwa kubwa kwake. Akapasha msumari moto, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, akamfunga mwenyewe. “Kwa jiwe siapi,” akamwambia. “Lakini hii itamwumiza mkono kwanza.” Atupele akaichagua hiyo. Bei yake haifiki kuku wawili, kwa hiyo usijisumbue kutuma kitu.

Jumatatu alirudi shule, saa mkononi. Nilimsindikiza, nikasimama mlangoni mpaka mwalimu mkuu aliponiona. Atupele ameketi dawatini kwake, anaandika kwa vidole vya kati. Mtihani ataufanya.

Sikiliza basi. Atupele harudi kwako kupima sukari na chumvi chini ya macho ya mama wa kambo. Hatoki hapa. Likizo pia atakaa hapa. Na wewe utampigia mwalimu mkuu, saa za shule, umwombe aweke spika na mtoto aitwe, useme kwamba kengele uliitega wewe na kwamba ulimsingizia. Ukiona mtandao unakata, nenda kilimani. Mpaka siku hiyo usiniandikie kuhusu huyu mtoto kana kwamba una sauti.

Nisalimie mama, umwambie barua hii imesomwa na wewe peke yako, nimekuhurumia kiasi hicho. Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shemeji yetu wa kanisani anayepiga tarumbeta vibaya. Msalimie mkeo. Jirani yangu, mama yake Mwanahamisi, anawasalimu ingawa hamjuani. Bwana Seif anasema karibuni Mafia.

Atupele nilimwita nikiwa nafikia hapa. Nikamwambia, “Namwandikia baba yako. Weka mstari mmoja wa salamu.” Akaitazama saa yake, akasema, “Shangazi, nimechelewa kufua,” akatoka uani. Nguo zote zilikuwa zimeshakauka kambani.

Dada yako uliyenyonya baada yake,
Tusekile