Mshumaa wa Mwisho Alioupuliza Neema

Baba Neema,

Nakuandikia mchana, niko mezani jikoni, mtoto yuko shule. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke. Ningeweza kusema nawe kwa mdomo kama nilivyozoea, lakini siku hizi naogopa kukuita kwa sauti humu ndani. Utaelewa kwa nini.

Lifti bado mbovu. Mimi bado naogesha wale wazee kule kazini. Koti lako la kazi nimempa kijana mmoja wa kanisani, naye anabeba mizigo kulekule Malton ulikokuwa wewe. Siku nyingine namwona kwa nyuma kwenye basi, moyo unaruka, halafu anageuka na si wewe.

Lakini habari yenyewe ni Neema.

Zile katuni za Wajapani mlizokuwa mnaangalia pamoja, wewe umejinyoosha kwenye kochi unamsumbua, "Huyu naye amekufa au yuko hai?", sasa anaziangalia peke yake, mlango umefungwa. Nikaanza kuona mambo. Nimechomeka kijiko wima kwenye wali niende kuleta mboga ya sombe, narudi amekilaza. "Mama, hivyo ni chakula cha maiti." Maiti gani? Gari la mazishi likipita pale barabarani Weston, anaficha vidole gumba ndani ya ngumi. Namwuliza, ananijibu kwa Kiingereza chake cha mbio, eti kwa Wajapani gumba ni kidole cha mzazi, anamlinda mzazi wake. Na nini? Jioni moja nikapiga mluzi nikiosha vyombo, akaruka: "Mama! Utaita nyoka!" Hapo ndipo nilipoogopa kabisa, maana hayo ya mluzi ulikuwa unayasema wewe, kutoka kwenu Uvira. Nani anamwambia? Wajapani na watu wa Uvira walikutana wapi?

Sikumwambia mtu. Nilimchunguza tu.

Sasa Jumapili iliyopita nimetoka kanisani na Mama Esta, yule kiongozi wa kina mama wa maombi, nimemkaribisha chai. Nafungua mlango, sebule giza, pazia zimefungwa mchana kweupe. Neema na rafiki zake wawili wako chini, katikati sinia langu limejaa mishumaa midogo ya keki, yote imezimika isipokuwa mmoja. Wanasimuliana habari za wafu. Kila hadithi ikiisha, mmoja anapuliza mshumaa. Ni mchezo wa Wajapani wa zamani, wameuona kwenye katuni, na wa mwisho haupulizwi, kwa sababu ukizimika, aliyekufa anakuja. Rafiki yake akasema, "Huo tuuache." Neema akainama akaupuliza.

Na ile kengele ya kwenye dari inayonusa moshi ikaanza kulia! Mama Esta akapiga kelele, "Damu ya Yesu!" akatoka mbio, akaacha na mkoba. Wasichana wale wakacheka mpaka wakalala chini. Neema hakucheka. Alikuwa anatazama mlangoni.

Baba Neema, nilimwogopa mtoto wangu.

Kesho yake Mama Esta akapiga simu. "Mama Neema, huyo mtoto ana mgeni ndani. Jumamosi mlete tumwombee, wewe utasubiri nje. Asile kitu kuanzia Ijumaa." Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo, halafu nikakaa na simu mkononi. Unamkumbuka yule msichana wa jirani kule kambi ya wakimbizi, walivyomwombea mpaka sauti ikakauka, na alipotoka pale watu wakawa wanavuka njia kumkwepa? Nilimkumbuka yeye. Lakini nikakumbuka pia Neema alivyoutazama ule mlango. Sikujua nimwogope nani, mtoto au wale wamama.

Jana jioni, nimetoka kuoga, nikachukua kikata kucha. Neema akaninyang'anya. Akaanza kulia, kilio cha mtoto mdogo, kamasi na yote. Nikamkamata mikono. Nini? Nini, mwanangu? Ikatoka kidogo kidogo. Kwa Wajapani, anayekata kucha jua limezama hatakuwepo mzazi wake akifa. Na yeye, jioni ile ya mwisho hospitali, alikata kucha zake akiwa ameketi pembeni ya kitanda chako. Asubuhi ukatutoka, yeye yuko darasani. Baadaye ndiyo akaliona jambo hilo kwenye katuni. Amelibeba peke yake muda wote huu. Ule mshumaa aliupuliza makusudi. Alitaka uje akuombe msamaha.

Wewe! Mtoto huyu, akuombe msamaha!

Nikamwambia, "Neema, mimi siku ile nilikuwa wapi? Nilikuwa kwenye basi, limekwama barabara ya Jane, natoka kazini. Sikukuta hata mkono wake una joto. Na kucha sikukata." Akaniuliza kwa Kiswahili, Baba Neema, kwa Kiswahili: "Hata wewe hukuwepo?" Kumbe alidhani nilikuwepo, yeye tu ndiye alikosa. Tulilia pale chini, tukala wali kwenye sufuria, hatukupakua.

Leo asubuhi nimempigia Mama Esta. "Jumamosi hatuji. Mkitaka kuomba, njooni kwangu, mtuombee tumekaa, mtoto ameshiba." Akasema, "Shauri yako." Shauri yangu, ndiyo. Mkoba wake utamfuata.

Usidhani nimekuwa mjinga. Katuni zile bado siziamini, kuna moja ina mwanamke amefunikwa nywele usoni, mimi nyumbani kwangu huyo simtaki. Kiberiti nimekificha. Na huo mluzi, wewe na hao Wajapani mnaukataza nyote, lazima mnajua kitu.

Basi, lala, mume wangu. Kama kweli ulisikia ukiitwa, sijui, Mungu ndiye anajua, nakuomba usitutokee, moyo wangu hautaweza. Msamaha anaokuomba nimeshampa kwa niaba yako, najua hungekataa. Nami nakuahidi hili moja: hakuna atakayemwekea mtoto wako mikono kichwani mimi nikiwa nimesimama nje ya mlango. Akitaka kukulilia, atakulilia hapa, na mimi nikiwepo.

Mama Neema