Bethuel Analiaga Tumbo

Alhamisi, 1 Machi 2012

Kamera imepita tumboni mwa Bethuel, haikuona kitu. Safi! Lakini daktari akaongeza: tarehe 13 iko palepale, tumbo lote linatolewa. Kansa ya ukoo wao, ambayo kipimo cha damu kilionyesha ameirithi, huanzia ndani ya nyama ya tumbo, kamera haiifikii. Mume wangu alisikia neno la kwanza tu. Tumetoka hospitalini moja kwa moja hadi dukani — semla mbili, yale maandazi ya Kiswidi, zimejaa krimu. Moja yake, na nyingine yake pia. Eti analiaga tumbo. Wiki ya tatu hii analiaga!

Nilimuuliza muuguzi atakulaje baadaye. Utumbo utaunganishwa na koo, atakula kidogo kidogo, mara nane kwa siku. Bethuel akadakia: mara nane? Mbona hawakusema mapema!

Jumapili, 4 Machi

Sijui nicheke au nilie. Kanisani Bredäng, wakati wa ushuhuda, nani anasimama? Bethuel. Hakuniambia chochote. Akasema madaktari walitaka kumtoa tumbo, wakaangalia, hawakuona kitu — Bwana amemponya! Vigelegele. Épiphanie, yule Mrundi kiongozi wa akina mama, alirukaruka hadi kiatu kikamtoka. Baadaye chakula. Sahani tatu, na kila anayepita anamwongezea kuku.

Njiani kurudi nyumbani Tumba nikamuuliza: na tarehe 13? Binti yetu Wamuyu akatoa waya sikioni. "Pappa, du ljög ju." Kwamba amedanganya. Baba mtu akajifanya Kiswidi kimemtoka ghafla.

Jumatano, 7 Machi

Mpango mpya: akatwe kisirisiri, kanisa lisijue. Na kilo ishirini zitakazopotea? Atasema ni diet. Bethuel na diet! Ataamini nani?

Jioni kabadilika tena. Hataki kabisa. Mtu mzima hana hata kiungulia, akatwe kwa nini? Atapiga simu kesho aahirishe hadi mwaka ujao.

Nikasema lile nililokuwa nalikwepa. Nikamwambia Josiah, ndugu yako, naye alipigwa kamera Nairobi, naye akaambiwa safi. Miezi minane baadaye tulikuwa Nyeri tunamzika. Na kabla yake mama yako, ambaye binti yetu amebeba jina lake. Nikamwambia sitaki kuwa mjane Uswidi, theluji nitaikwangua na nani?

Hakucheka. Alitafuna polepole, akameza, akasukuma sahani. Bethuel kuacha chakula! Mwanamke mbaya mimi. Lakini simu hakupiga.

Jumapili, 11 Machi

Amesimama tena! Akasema: wapendwa, Jumapili iliyopita nilikimbilia kushukuru kabla daktari hajamaliza. Ugonjwa uko kwenye damu yetu, Jumanne nakatwa, na ninaogopa. Nikadhani sasa watamla nyama. Épiphanie ndiye aliyeanza. Akasema: "Basi Mungu yeye anakutumia docteur, wewe unamukatalia?" Wakamwekea mikono, watu wakalia. Mimi pia nililia, nikapaka wanja wangu wote kwenye koti la mtu.

Nampenda huyu mtu. Leo naandika tu hivyo.

Jumanne, 13 Machi

Ameingia saa mbili asubuhi. Sasa saa saba. Bado.

Mimi ndiye niliyemsukuma. Asipoamka?

Jumatano, 14 Machi

Ameamka! Mrija puani, midomo mikavu, kauliza wagonjwa wengine wameletewa nini mchana. Nikamwambia samaki. Akafumba macho kama anayepewa habari za msiba.

Jumamosi, 31 Machi

Nyumbani. Uji vijiko sita, apumzike, vijiko sita tena. Simu yangu inalia kila baada ya saa mbili kumkumbusha. Bethuel anakumbushwa kula! Suruali inashikiliwa na mkanda wangu, ule wa maua. Épiphanie alileta sufuria la ndizi na maharage la kulisha kambi. Bethuel aliomba lifunguliwe anuse tu. Tulikula mimi na Wamuyu, yeye akitusimulia utamu wake.

Alhamisi, 12 Aprili

Daktari amepiga simu tukiwa mezani. Walilipasua lile tumbo wakalichunguza. Sehemu saba! Kansa ndogondogo, imeshaanza, na haikuwa imetoka nje ya tumbo. Amesema tumewahi.

Bethuel akaanza mzaha, eti saba zote zilikuwa zinakula semla zake bila kuchangia. Nikacheka hadi machozi. Si kicheko peke yake.

Wamuyu hakucheka. Akauliza kwa Kiswidi, macho kwenye sahani: mtu awe na miaka mingapi ndipo apimwe hiyo damu?

Kumi na minane. Anatimiza Juni.

Nimesema naenda chooni. Nimekaa hapa na daftari, mlango nimefunga. Nasikiliza huko nje. Kijiko tu, kinagonga bakuli, kinaacha.

Bethuel ananiita. Mara ya pili sasa.