Jina Nililolitaja

Kayanga, Jumatano, Aprili 1995

Mvua imenyesha tangu asubuhi, na koti langu la bendi, lile la mikono mipana ambalo mke wangu huliita pazia, limelowa hadi bitana. Nimetoka Igurwa kwa miguu. Nilikwenda kuomba radhi.

Nieleze taratibu, maana hata mimi nahitaji kujielewa.

Zamani nilikuwa mwimbaji wa dansi. Kazi yangu kubwa, kuliko hata sauti, ilikuwa kutaja majina. Katikati ya wimbo namtaja mwenye duka, namtaja mwalimu, namtaja dereva wa lori la kahawa, na kila aliyetajwa anainuka kucheza mpaka shati linamgandia. Usiyemtaja ananuna wiki nzima. Nikakua nikiamini kwamba kumtaja mtu ni kumpa zawadi.

Sauti ilipokauka na tumbo likaanza kunitangulia, nikaanzisha gazeti. Kurasa nne, taipureta moja, na mashine ya kurudufu inayonipaka wino hadi masikioni. Tunaandika yale ya vijijini ambayo mikutanoni hayasemwi.

Mwezi uliopita alinijia mjane mmoja wa Igurwa. Humu simtaji; nimechelewa kujifunza, lakini nimejifunza. Ndugu wa mwenyekiti wa kijiji aling'oa miramura, ile mimea ya mpaka, akaipanda upya ndani ya kibanja, shamba la nyumbani la huyu mama. Mistari mitatu ya migomba ikaenda, na mibuni yote ya upande wa chini. Aliniambia, "Andika, ila jina langu liache."

Nikaandika. Na jina nikaliweka.

Sikukusudia ubaya. Nilipokuwa nikichapa stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufia, niliona habari imepooza, na mkono ukafanya kile ambacho mdomo ulizoea. Nikamtaja kwa majina yote mawili. Ilibaki kidogo tu niongeze "pigeni makofi".

Juzi mwenyekiti akamwita. Habari ya mpaka hakuigusa. Alimdai karatasi za uraia. Mama huyu aliingia kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, akaolewa hapa, akamzika mume hapa. Karatasi hana. Amepewa hadi Jumatatu, na mwaka huu, kambi za wakimbizi zilivyojaa, anayeambiwa arudi kwao hapati wa kumsemea. Kibanja kitabaki kwa nani, sina haja ya kuandika.

Leo nimemkuta barazani anamenya ndizi. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba yake ilichelewa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Kaa kwanza, mwimbaji, unanilowesha ndizi." Akanisukumia kigoda, kisha akatoa gazeti langu chini ya mkeka. "Mwinjilisti wa kanisani kwetu amenisomea lote. Mimi nimo. Marehemu mume wangu yumo. Wewe uko wapi?"

Nikamwonyesha chini kabisa, palipoandikwa Mhariri.

"Huyo Mhariri ni mtoto wa nani?"

Miaka yote ya bendi jina langu lilikuwa kwenye kila bango, kubwa kuliko la ukumbi wenyewe. Siku lilipokuja kuwa na hatari, nikalificha.

Hakusema amenisamehe. Alisema nirudi kesho, nipite kwa majirani wanne waliomwona mumewe akipanda ile miramura ya mwanzo, kabla haijang'olewa, niwaulize kama watakubali kutajwa. "Uwaulize kwanza," akakazia, kama anayemfundisha mtoto kunawa mikono.

Sijui kama watakubali. Sijui kama gazeti litawahi kutoka kabla ya Jumatatu, wala kama linaweza kumfaa mtu anayedaiwa karatasi. Naogopa, na si kidogo. Mwenyekiti ananifahamu vizuri. Alikuwa akinuna nisipomtaja.

Stensili mpya iko kwenye taipureta. Mistari minne ya majirani nimeiacha wazi. Wa juu kabisa nimeshauchapa: jina langu, jina la baba yangu, na kwetu nilikozaliwa, Bugomora.

Kwa mstari huo sikuhitaji kumwomba mtu ruhusa.